Gauni la Mikeka

Sikwenda kusomea ushonaji kwa sababu ya kupenda sindano. Nilikwenda kwa sababu baba, karani wa idara ya mifugo aliyehamishiwa Garissa kutoka Taita, alichoka kuniona nimekaa nyumbani nikibishana na kila aliyepita mlangoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama ambazo sitazitaja hapa. Akaniandikisha katika chuo kidogo cha ufundi, madarasa mawili ya mabati na cherehani sita za kukanyaga, moja ikiwa haina mkanda. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kabla ya ile mvua kubwa ya El Niño kukata barabara.

Tulikuwa wasichana kumi na wawili. Mwalimu wetu alikuwa mama wa kutoka Meru, mpole wa sauti na mkali wa macho, aliyekuja Garissa kwa mwaka mmoja akajikuta yuko wa saba. Alitukalisha wawili wawili kwa kila cherehani, makusudi akituchanganya, mmoja wa bara na mmoja wa hapa. Mimi nilikaa na msichana wa mtaa wa Galbet, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kucheka akiwa amejifunika mdomo kwa shela. Cherehani yetu ndiyo ile isiyokuwa na mkanda. Alichukua kamba ya mpira wa baiskeli, akaifunga kwa fundo nisilolijua, na mashine ikaimba mpaka tulipomaliza masomo. Hapo nikajua nimekaa na nani. Yeye alishona, mimi nilizungumza, na kazi ya wawili ikafanyika.

Alikuwa na mkono, msichana yule. Angeweza kukuangalia ukipita, akachukua mkasi, akakata blauzi ikukae mabegani bila hata kukupima. Mimi mshono wangu ulikwenda ulikotaka wenyewe. Mwalimu alipokuja kukagua, alikuwa anautazama kwanza wa mwenzangu, anatabasamu, halafu anautazama wangu, anauliza kama nyumbani hawajambo.

Mama yake mwenzangu hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Aliuza maziwa ya ngamia sokoni, na kazi ya kuyapokea alfajiri, kuyaonja na kuyabeba mpaka mjini ilikuwa imeanza kumshinda magoti. Kuhusu kushona alikuwa na neno lake: Garissa hii mafundi ni wanaume wanaokaa kwenye baraza za maduka, na hajawahi kuona mwanamke akiitwa fundi. Alimpa bintiye mwaka mmoja kwa sababu alilia sana. Muhula wa mwisho ulipoanza, alimwekea sharti. Nguo za kushonea ndugu hazihesabiki, kwa sababu ndugu hata ukimshonea gunia atalivaa kwa huruma. Kama mpaka muhula kwisha hakuna mwanamke hata mmoja asiye wa ukoo wao aliyemjia na kumwambia nishonee, basi aache chuo kabla ya mtihani na ashike madumu ya maziwa. Mwenzangu alikubali. Alikuja darasani akanieleza yote kwa sauti ya kawaida, kisha akaendelea kutunga uzi. Aliyelia ni mimi.

Ubaya ni kwamba mjini hakuna aliyejua kuwa tupo. Mwanamke wa Garissa aliyetaka nguo alimpa kaka au mume kitambaa pamoja na gauni lake kuukuu, likapelekwa kwa fundi wa barazani liwe kipimo, maana mwanamume wa nje hawezi kumzungushia mwanamke tepu. Gauni jipya lilirudi na makosa ya lile la zamani, na mengine mapya juu yake. Nusu ya mji ilikuwa inavaa mabega ya mtu mwingine, na wasichana kumi na wawili waliofundishwa kupima wanawake walikuwa wamekaa chini ya mabati wakishonea hewa.

Sasa, palikuwa na mzee mwenye duka la vitambaa kwenye barabara kuu, mtu mcha Mungu, mwenye ndevu nyekundu za hina na mapenzi makubwa ya vitu vipya. Mwaka ule alileta kioo cha dirisha la duka kutoka Nairobi. Si kijidirisha, kioo kizima kizima, kutoka kiunoni mpaka juu ya kichwa cha mtu, kilichosafiri kikiwa kimefungwa baina ya magodoro manne. Katika mtaa ule hakikuwapo kingine. Akapanga majora ya kitambaa nyuma yake, na kabla ya wiki mbili kwisha jua la Garissa lilikuwa limekunywa rangi ya jora la buluu mpaka likawa kama maji ya sabuni. Akayaondoa. Dirisha likabaki tupu, na watu wakaligeuza kioo cha kujitazama. Vijana walichana nywele mbele yake, kina mama wakaweka shela sawa, na beberu mmoja alikuja kila asubuhi kupigana na mwenzake aliyemwona humo ndani. Mzee aliumia roho. Mfanyabiashara mmoja alitaka kumletea sanamu za kuvalisha nguo, akakataa. Sanamu yenye uso haitakaa dukani kwake, na isiyo na kichwa, alisema, itatisha watoto.

Mwalimu wetu alikwenda kumwomba vipande vya kitambaa vya mazoezi. Kitambaa hakupata, ila alirudi na dirisha. Walikuwa wamepatana kwamba kila wiki wanafunzi wawili wataweka nguo moja pale, ili watu waache kujitazama waangalie ndani. Sharti la mzee lilikuwa moja tu: si kwa kitambaa chake. Jua litakila na sisi tutakikata. Tuweke chochote kile, bora kisiwe kitambaa.

Sijawahi kuwaona watu wakifurahi hivyo kwa kunyimwa kitu. Wawili wa kwanza walinunua magunia matupu ya chakula cha msaada kutoka soko la kambi ya wakimbizi ya Ifo, wakashona koti refu lenye mikunjo, na mwalimu akawaamuru wageuze maandishi ndani ili tusije kuitwa kwa D.O., afisa wa serikali. Wa pili walikusanya kanda za kaseti zilizokatika, wakazisuka gauni jeusi lililometameta na kunong'ona kila upepo ulipopita mlangoni. Wa tatu walikata madebe ya mafuta vipande vidogo kama magamba ya samaki, wakatengeneza kizibao. Kilipata moto juani kiasi kwamba mzee alisema angeweza kuchemshia chai yake pale. Mji ulikuja. Watu walisimama mbele ya kioo wakacheka, wakaelekezana kwa vidole, na beberu alikosa nafasi akahamia kwingine.

Walicheka, lakini hawakuagiza. Kila siku baada ya masomo mimi na mwenzangu tulipita pale, na mimi nilikuwa nasimama karibu na kina mama nisikilize. Walidhani nguo zile zimetoka Nairobi. Wengine walisema ni za yule mwalimu wa Meru. Tena zilining'inia kwenye msumari, mabega yameanguka, kama nguo zilizoanikwa. Nani atamwambia mtu nishonee kwa kuona kitu kilichoanikwa? Wiki zilikuwa zinakwisha. Zamu yetu ilikuwa ya mwisho kabisa, wiki ile ile ya kufunga muhula, na mimi nilikuwa nimeanza kumchukia kila aliyepita bila kuuliza.

Mwenzangu ndiye aliyepata wazo, na alilipata akiwa ameshika kipande cha chapati. Alisema bibi yake, huko upande wa Wajir, hujenga nyumba kwa fito alizozikunja, na nyumba inasimama yenyewe bila msumari hata mmoja. Kama nyumba inasimama, gauni litashindwaje? Nilimwuliza tutalivika gauni hilo nini. Akasema mikeka ya nyumba hiyo hiyo.

Wasomali wanaoishi kwa mifugo huifunika nyumba yao kwa herio, mikeka mizito inayosukwa na wanawake kwa nyasi na nyuzi za magome ya mgunga, ili siku ya kuhama ikunjwe na kupakiwa juu ya ngamia. Mama yake alikuwa na ya kwake, imewekwa tangu walipohamia mjini, lakini hiyo haikuguswa wala kuombwa. Tulimpata mama mmoja mzee ukingoni mwa Galbet aliyekuwa ameingia nyumba ya mabati, akatupa yake miwili na fito zake, akatubariki na kutuonya tusiilaze palipo na mchwa. Wiki nzima tulikuwa na kazi. Mwenzangu alifumua palipochakaa akasuka upya kwa nyuzi mbichi, kisha akazungushia pindo vishada vya sufu, vyekundu na vya manjano. Niliona uzuri mtupu. Mikono yangu ilinuka moshi na magome, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye pamba.

Alhamisi baada ya alasiri tulibeba kila kitu mpaka dukani. Tulisimamisha fito dirishani, tukazikunja na kuzifunga kwa kamba, tukazungushia mikeka iwe sketi pana, tukaacha mbele wazi ili watu waone ufundi wa ndani. Sehemu ya juu, yaani kifua na mikono, ilikuwa ya nyuzi tulizoziloweka ili zilainike, na bado zilikuwa zimelowa. Hazikuweza kuwekwa zikiwa vile. Tukakubaliana tuzimalizie Ijumaa baada ya swala, duka likifunguliwa. Mzee alifunga, akavuta pazia la upande wa ndani, tukaenda zetu. Kwa macho yangu ya Kitaita, tulikuwa tumeacha dirishani gauni lisilo na kifua.

Mimi sikujua, basi nisamehewe. Mwenzangu alijua, ila alisahau kwamba na wengine wanajua. Nyumba ya namna ile, ndogo, ya fito mpya zilizokunjwa, yenye mikeka iliyopambwa vishada pindoni, hujengwa na wanawake kwa sababu moja tu. Kuna bibi harusi anakuja. Anayeiona inasimama haulizi kama kuna harusi, anauliza ni lini na anapeleka maziwa. Na Ijumaa ndiyo siku ambayo Garissa nzima hupita barabara kuu kwenda msikitini, ikakuta nyumba ya bibi harusi imesimama kwenye duka la mzee aliyekuwa na mke mmoja kwa muda mrefu.

Haya nilisimuliwa baadaye na mzee mwenyewe, alipoanza kuweza kucheka. Alitoka msikitini akapewa mkono na watu wasiopungua ishirini. Mabruk, wakamwambia, Mungu akubariki. Akadhani wanampongeza kwa kioo. Akawajibu kwa moyo mkunjufu kwamba alhamdulillahi, alikitamani kwa muda mrefu, na kimemgharimu, lakini mtu akifika umri fulani anastahili kujifurahisha. Rafiki yake mmoja alimwuliza kwa unyenyekevu kama mama wa watoto amekubali. Mzee akasema mama wa watoto hakuulizwa, kwa sababu mambo ya duka hayamhusu.

Sisi tulifika saa nane na kifua chetu mgongoni, kimekauka vizuri, tukakuta wanawake wamejaa mbele ya duka. Wengine walikuwa wamevaa nguo za sherehe. Wawili walikuwa wanapiga makofi na kuimba, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Nilimwambia mwenzangu, unaona, gauni letu limependwa. Nikageuka nikaona amesimama katikati ya barabara, ameshika kichwa. Aliutazama mji wake, akalitazama dirisha, na kila kitu kikamjia kwa mara moja. Akanieleza kwa maneno machache sana. Sikujua kama nicheke au nikimbie, nikacheka.

Kicheko kilinikauka tulipoingia ndani. Mzee alikuwa ameshajua. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, hina ya ndevu ikiwa imepauka au ni uso ndio uliopauka. Alisema kwa sauti ya chini tutoe vile vitu vyote, sasa hivi, kabla habari haijafika nyumbani kwake. Mwenzangu aliinama akaanza kufungua kamba. Nikaona muhula wake unakwisha pale pale, kamba kwa kamba. Siku ile ilikuwa ya mwisho ya dirisha, na ya mwisho ya ahadi ya mama yake.

Mdomo wangu, ambao baba aliulaumu kwa miaka kumi na tisa, siku hiyo nilimshukuru Mungu kwamba ninao. Nilimwambia mzee kwamba akilibomoa gauni, mji utasema amemficha bibi harusi. Wataanza kumtafuta huyo bibi nyumba kwa nyumba, na Garissa akitafutwa mtu huonekana hata kama hayupo. Lakini tukimalizia, kila mtu ataona kwa macho yake kwamba ni gauni. Nilisema haya yote kwa pumzi moja, na huenda nilipiga kaunta.  Mzee akasema tuna mpaka adhana ya alasiri, na Mungu atuongoze, kwa sababu yeye ameshindwa.

Tukaingia dirishani. Sijui kama umewahi kufanya kazi nyuma ya kioo watu hamsini wakikutazama. Sauti zao hazikutufikia vizuri, tuliona midomo na mikono tu. Mwanzo walidhani sisi ndio tunaoipamba nyumba ya bibi harusi, wakatutia moyo. Mwenzangu alipoinua kile kifua na kukifunga juu ya fito, mikono yake miwili ikaning'inia, makofi yakakoma. Wakasogea. Pua zikagusa kioo. Akafunga kiuno kwa msuko mpana, na kitu kile kikawa mtu, mwanamke mrefu asiye na uso, amesimama kwa miguu yake mwenyewe katika sketi ya mikeka, wala hakuna msumari uliomshika. Mmoja nje alianza kucheka akamshika mwenzake bega, kisha kicheko kikapita kundi zima. Baada ya hapo kila mtu akawa mwalimu. Huyu alionyesha kwa kidole fundo lililolegea, yule akaashiria pindo lishuke, wawili wakagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya vishada. Mama mmoja mfupi aliyebeba dumu la maziwa aligonga kioo kwa pete, akageuza kiganja juu chini mara tatu. Mkeka wa kushoto tulikuwa tumeupindua ndani nje. Mwenzangu aliugeuza haraka, ameinamisha macho. Sikuwa na haja ya kuuliza, mfanano wa nyuso ulitosha. Mama yake alikuwa amekuja na maziwa ya harusi.

Hapo ndipo kundi lilipogawanyika katikati, na mke wa mzee akapita.

Hakuwa mwanamke mkubwa, lakini alitembea kama aliyekatwa kutoka kitambaa kizuri kuliko sisi sote. Alikuja na majirani wanne. Aliingia dukani, akasimama mbele ya kaunta, wala hakumtazama mume wake. Alitutazama sisi tuliokuwa tunatoka dirishani na magome kichwani.

Kwa ajili yangu, mgeni, alizungumza Kiswahili, pili ikimtoka bili. "Mimi bado iko hai," alisema, "na nyumba ya bibi ya bili inajengwa kwa duka yangu. Nani anajenga?"

  Mwenzangu ndiye aliyesogea mbele. Msichana ambaye darasani alikuwa anamaliza siku kwa maneno kumi alisema, eeddo, yaani shangazi, ni mimi, kisha akajitaja kwa desturi yao, yeye ni binti wa nani na baba wa baba yake ni nani na wanatoka wapi, ili kama ni lawama ijue mlango wa kwenda. Akasema si nyumba, ni gauni, ameshona yeye na huyu, kwa sababu walikatazwa kitambaa. Akasema kosa ni lake, aliyeona fito akaona mabega, akasahau watu wataona nini. Alizungumza Kisomali sasa, na mimi nililetewa maneno yake na msichana mmoja aliyekuwa mlangoni, lakini sauti niliisikia mwenyewe na haikutetemeka.

Yule mama alikwenda kwenye dirisha. Alilizunguka gauni pande zote. Alivuta fundo, likakaza. Akapitisha mkono mabegani, pale ambapo nyuzi zililala juu ya fito bila kukunjamana hata kidogo, akaushikilia mkono wake pale. Kisha akashika bega la gauni alilokuwa amevaa mwenyewe, la hariri ya bei, lililokuwa limemshuka hadi nusu ya mkono. Mke wa mwuza vitambaa, naye pia alikuwa anavaa mabega ya mtu mwingine.

Akageuka, na sasa ndipo alipomtazama mume wake. "Toa ile jora," akasema, akionyesha la juu kabisa, la zambarau lenye uzi wa dhahabu, ambalo mzee hakuwahi kulishusha hata kwa wake za wakubwa. "Huyu ndio atakata. Atanishonea ya Idi. Mji yote inasema kuna bibi mpya kwa hii duka. Sawa. Wataniona."

Nimehudhuria harusi nyingi tangu siku ile, zikiwemo zangu, sijasikia vigelegele kama vile. Mzee alipanda kwenye ngazi kama kijana. Alishusha jora, akalifuta vumbi ambalo halikuwepo, akaliweka kwenye kaunta, akajifuta na yeye. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikamkumbatia mwenzangu nikampaka magome shela nzima.  Tepu ilikuwa shingoni mwake tangu asubuhi na hakuikumbuka mpaka nilipomwonyesha.

Kupima kulifanyika pale pale dukani. Wanaume walitolewa, mzee akiwa wa kwanza, wanawake wakashika shela mbili ndefu kufanya pazia kwenye kona ya nyuma. Mimi niliandika namba kwenye karatasi ya kufungia sukari. Yule mama aliinua mikono, akasema hajawahi kupimwa tangu azaliwe, na tepu ilipompita kwapani alicheka kama mtoto anayetekenywa. Mwenzangu alisoma vipimo kwa sauti iliyozidi kuwa imara, bega, kifua, kiuno, urefu. Nyuma ya yule mama wengine walikuwa wameanza kujipanga, wakisukumana kidogo na kuulizana nani alitangulia.

Ncha moja ya lile pazia ilikuwa imeshikwa na mama mfupi aliyeweka dumu lake chini ya miguu. Alishika kitambaa kwa mikono miwili, hakukiacha kishuke hata alipochoka. Nilimwona akiitazama mikono ya binti yake, jinsi ilivyokwenda na tepu, inageuka, inabana, inaachia. Hakusema mashallah wala hakutikisa kichwa. Nilianza kuogopa. Nilijua sharti limetimia, lakini nilijua pia kwamba mama anaweza kutafuta sharti jingine, na kwamba alfajiri madumu yangekuwa pale pale na magoti yake yale yale.

Kipimo cha mwisho kilipoandikwa, mwanamke wa pili akaingia ndani ya pazia, na mama yake mwenzangu akampa mtu mwingine ile ncha. Akainama kwa taabu, akashika dumu. Binti yake aliacha tepu, akaenda kumpokea kama alivyozoea, akanyoosha mkono. Mama hakuliachia. Alimwambia neno kwa Kisomali, polepole, na nikaona mwenzangu anafunika mdomo kwa shela, safari hii si kwa kicheko. Kisha yule mama akanigeukia mimi niliyekuwa na penseli mkononi, labda kwa sababu ndiye niliyekuwa naandika, akanirudia kwa Kiswahili chake ili na mimi niwe shahidi.

"Kesho masiwa nabeba mimi," alisema. "Huyu iko na kazi."